Mifuko ya Mkono wa Kushoto

Kwa miaka mingi mume wangu alivaa koti la kaunjika, mtumba kama wanavyosema kwingine, ambalo sote nyumbani tuliamini mifuko yake ni ya uongo. Vifuniko vilikuwepo, midomo ilikuwepo, lakini kidole hakikupita. Alikwisha kuzoea. Simu aliibeba mkononi, funguo alizining'iniza kwenye mkanda, na siku ya Jumapili Biblia aliibana kwapani. Basi asubuhi moja kifungo kikakatika, akanipa nikishone. Nilikaa mbele ya nyumba yetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, koti liko magotini, na kwa mara ya kwanza nikalitazama kwa jicho la fundi badala ya jicho la mke. Kwenye mdomo wa mfuko nikaona uzi mweupe wenye mishono mirefu, milegevu, mishono ya mtu ambaye hakutaka idumu. Nikauvuta kwa ncha ya sindano. Ukatoka wote bila kubishana, na mfuko ukafunguka.

Nilitia mkono. Ulizama mpaka kwenye kifundo. Ndani bitana ilikuwa safi, haina vumbi wala harufu ya mtu, kwa sababu hakuna mkono uliowahi kuingia humo. Baadaye nilikuja kujua kwamba kiwandani huwa wanaifunga mifuko hivyo ili koti lisipoteze umbo njiani, na anayelinunua ndiye wa kuifungua. Mwenye koti wa kwanza, huko Ulaya, hakuifungua. Sisi nasi tukalirithi vile vile. Mume wangu alilivaa palepale, kifungo hakijashonwa, akatia mikono yote miwili mifukoni na kwenda mpaka bombani na kurudi, akiwasalimia majirani kwa kichwa tu ili asilazimike kuitoa.

Tangu siku hiyo mifuko ilinipanda kichwani.

Mimi nilijifunza kushona Bukavu, kule Kongo, kwa masista, na walichonifundisha ni libaya, yaani blauzi ya kitenge, sketi, mashuka na nguo za shule. Libaya haina mfuko. Mwanamke wa kwetu anafunga pesa kwenye pindo la kikwembe, kitenge chake, na simu anaitia kifuani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshona nguo za wanawake nusu ya maisha yangu bila kuuliza kwa nini. Sasa nikaanza kwenda kwa wauza kaunjika wa hapa kambini kuwaomba makoti na suruali zilizochanika vibaya, zile ambazo hata wao walikuwa wanazifanya matambara. Nilizifumua juu ya mkeka, mshono kwa mshono, na kila mfuko uliniambia jambo. Nilikuta kwamba mfuko wa suruali nzuri hauning'inii ovyo kama soksi: mfuko wenyewe unaendelea ndani mpaka kwenye mshono wa zipu, umeshikizwa pale, ndiyo maana tumbo la mwenye suruali linaonekana limetulia. Nilikuta utepe mwembamba umefichwa kwenye mdomo wa mshazari, kuuzuia usinyooke na kuachama. Nilikuta vijifuko vidogo ndani ya mifuko mikubwa. Nilikuwa nikimwita mume wangu aje aone, naye alikuja, akatazama, akasema ni kitambaa, akarudi kwenye shughuli zake.

Aliyenielewa alikuwa rafiki yangu wa kwaya. Ni mwanamke wa Bukavu kama mimi, anaimba sauti ya kwanza, ana kicheko ambacho mchungaji amekwisha kumwonya nacho. Mumewe wa kwanza alifariki kabla hatujafika Malawi. Shangazi yake ndiye aliyemlea, na mpaka leo wanaishi nyumba moja. Rafiki yangu alikuwa anakaa nami kwenye mkeka, ananishikia upande wa pili wa koti nikifumua, na siku moja, huku ameshika mkono wa koti la mtu asiyemjua, akaniambia kwamba ameposwa.

Nilimjua mchumba. Ni Mrundi anayeuza mayai sokoni, mpole, mwenye utani wa chinichini. Mkono wake wa kulia uliishia juu ya kiwiko. Mkanda wa mashine ya kusaga mahindi ndio uliouchukua, kijijini kwao, alipokuwa kijana. Kwa mkono mmoja wa kushoto alikuwa anapanga trei za mayai upesi kuliko wenye miwili, na sijapata kumwona amevunja hata moja.

Shangazi hakutaka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu. Alimwuliza rafiki yangu, mbele yangu, ni nani atakayemfunga huyo bwana vifungo, ni nani atakayemvalisha suruali, na kama amechoka kuwa mjane ili aende kuwa yaya wa mtu mzima. Rafiki yangu alijibu kwamba bwana huyo anavaa mwenyewe. Shangazi akasema basi tutaona siku ya harusi, maana siku hiyo watu wote watakuwa wanaangalia mkono.

Maneno hayo yalimfikia mchumba, kwa sababu kambini maneno hayahitaji miguu. Hakukasirika. Alikuja kwangu na kitambaa chake chini ya kwapa, cha bluu iliyokolea, kizuri, cha suti moja bila ziada. Akakaa, akanywa maji, akaanza kunieleza suti zote alizowahi kuvaa. Zilikuwa ngumu kwake zote. Mfuko wa ndani wa koti uko kushoto, umewekwa kwa ajili ya mkono wa kulia ambao yeye hana. Mfuko wa kifuani uko kushoto vilevile, na kuufikia kwa mkono wa kushoto alilazimika kukunja kiwiko kama kuku anayejikuna. Mfuko wa nyuma wa suruali uko kulia. Na mfuko wa koti upande wa kulia, alisema, miaka yote kazi yake ilikuwa moja tu, kuficha mkono wa koti usio na mtu.

Nikamwuliza anataka nini hasa.

"Dada, siku ile mi nataka kutoa pete mi mwenyewe," akasema. "Msimamizi asinishikie. Nitie kidole mu mfuko, nitoe, nimuvalishe. Batu baone."

Nilimwambia ndiyo kabla sijafikiri. Hapo nilikuwa sijawahi kushona koti zima la kiume, na mfuko wa midomo miwili, ule uliopasuliwa katikati ya kitambaa, nilikuwa nimeufumua mara nyingi lakini sijapata kuushona hata mmoja ukakaa sawa.

Nilijaribu kwenye matambara. Mfuko wa midomo miwili unaanza na mistari miwili ya mshono iliyo sambamba. Kisha unapasua kitambaa katikati yake, na ukikaribia mwisho unageuza makasi na kukata mshazari kuelekea kila pembe, mpaka pakae kama mkia wa mbayuwayu. Ukiishia mbali na mshono, pembe inakunjamana. Ukiupita mshono hata kwa uzi mmoja, umepata tundu lisilozibika. Mimi nilipata vyote viwili, tundu upande mmoja na mikunjo upande wa pili. Nikaona hapa pana siri ya mkono ambayo makoti yaliyofumuliwa hayawezi kunionyesha. Nilihitaji kumwona mtu anayefanya.

Zamani, kabla serikali haijaturudisha wakimbizi kambini, tuliishi Lilongwe, mtaa wa Chilinde. Pale nilikuwa napita kila siku mbele ya fundi mmoja Mmalawi aliyeshonea kwenye baraza la duka, suti tupu, hashoni kingine. Nikaomba ruhusa ya kwenda mjini, nikaipata, nikapanda minibasi. Mama mmoja wa kanisa letu, Mmalawi anayekaa Kauma, alinipokea nyumbani kwake, akanipikia nsima, ugali wa kwao, na mboga za maboga, na asubuhi yake nikafika Chilinde nikiwa nimebeba matambara yangu yenye matundu.

Fundi alikuwa palepale, nywele zimeingia mvi, pasi ya mkaa inafuka moshi pembeni yake. Nikamsalimu kwa Kichewa changu cha kuungaunga, nikamtolea matambara. Aliyatazama moja moja kama daktari, hakucheka. Alisema pembe zangu zinaonyesha kwamba ninaogopa halafu ninajitupa. Akanipa kigoda.

Nilikaa pale siku kadhaa. Kwanza alinikataza kushika makasi kabisa. Nilikuwa natazama tu. Alibandika kipande cha kitambaa kigumu nyuma ya pale mfuko utakapokuwa, akapiga pasi, akachora kwa chaki, akashona mistari, akapiga pasi tena. Alisema nusu ya mfuko inatengenezwa na pasi. Alipofika kwenye pembe alisimamisha kila kitu, hata mazungumzo, akaingiza ncha ya makasi taratibu mpaka kwenye uzi wa mwisho kabla ya mshono, akakata, akageuza midomo kwa ndani. Ikaja. Ilikaa pale mfano wa midomo ya mtu aliyenyamaza kwa hiari yake. Siku iliyofuata akanipa makasi na kipande cha sufu ya kijivu. "Pang'ono pang'ono, amayi," akaniambia, polepole mama, na akageuka upande wa barabara ili nisione anatazama. Pembe ya kwanza ilikunjamana. Ya pili ilikunjamana kidogo. Ya tatu nilipoigeuza ilikaa bapa kabisa, na mimi nikasimama nikaizungusha juani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka muuza nyanya wa upande wa pili akauliza nimepata nini.

Ndipo nikamweleza fundi habari ya bwana harusi wa mkono wa kushoto.

Swali lilimwingia. Alisimama, akavaa koti lake mwenyewe, akauweka mkono wa kulia mgongoni akaubana kwenye mkanda, kisha akatia chaki katika mfuko wa ndani na kujaribu kuitoa kwa mkono wa kushoto. Alijikunja, akajizungusha, koti likampanda mpaka masikioni. Alijaribu mfuko wa kifuani. Alijaribu ule wa nyuma wa suruali. Wateja wawili waliokuwa wanangoja walianza kucheka, naye akacheka, lakini hakuacha. Alisema amekata makoti maisha yake yote na hajapata kuwaza kwamba koti lina mkono.

Juu ya msumari palikuwa na koti lingine, la kike, aliloliandaa kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Area 47 anayefanya kazi benki. Nililitazama, wazo likanijia. Nguo ya kike inafungwa kinyume cha ya kiume. Kwa mwanaume upande wa kushoto unalala juu, hivyo mkono wa kulia unateleza chini yake moja kwa moja mpaka kwenye mfuko wa ndani. Kwa mwanamke upande wa kulia ndio unaolala juu. Maisha yangu yote nilikuwa nafunga nguo upande ule. Nikamwambia fundi, tafadhali bambo, yaani bwana, vaa hili.

Akalivaa. Lilimbana mabegani hata akawa kama amekumbatiwa na mtu asiyeonekana, na vifungo havikufikia. Lakini tuliushika upande wa kulia ulale juu ya wa kushoto, akaupeleka mkono wa kushoto ndani. Uliteleza wenyewe, bila kujikunja, mpaka kwenye mbavu za kulia, hapohapo ambapo mfuko ungekuwa. Akautoa, akaurudisha. Akautoa, akaurudisha. Wateja waliacha kucheka wakasogea kuona. Fundi alikaa chini na koti la mwanamke wa benki mwilini mwake, akachukua chaki, na juu ya meza tukaanza kuchora koti kinyume, mimi upande huu, yeye upande ule, tukinyang'anyana chaki. Mfuko wa ndani kulia. Wa kifuani kulia. Wa nyuma wa suruali kushoto. Zipu nayo igeuzwe. Na kwa ajili ya pete, kijifuko kidogo juu ya mfuko wa kushoto wa koti, mahali ambapo zamani watu waliweka tiketi ya treni.

Hicho kijifuko ndicho tulichobishania sana. Mfuko wa kawaida una pembe mbili chini, na pete ni kitu cha kujificha pembeni. Nikasema chini pawe duara kama kijiko. Fundi akasema kisiwe kirefu kupita kidole. Mimi nikasema kishikizwe ndani ya koti, kisicheze, kwa sababu mtu wa mkono mmoja hana mkono mwingine wa kulishika koti litulie. Yeye akasema kitambaa cha ndani kiwe pamba, si bitana inayoteleza, ili kidole kihisi. Tulipomaliza nilisema zikomo, asante, mara nyingi, naye akanitaka nimletee habari ya harusi, hilo tu.

Nilirudi Dzaleka nimekumbatia michoro ile kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Kazi nilifanya mchana, mlango wazi, mashine karibu na mwanga. Rafiki yangu alikuja kila alipopata nafasi. Kwanza nilimpima bwana harusi upya, na nilimpima kidole pia, jambo lililomfurahisha sana. Aliniambia mkono wa koti wa kulia nisiuache mrefu. Hataki tena kuuficha mfukoni. Basi tukakubaliana uishie pale mkono wake unapoishia, na niushone mwisho wake vizuri kwa vifungo vitatu vidogo, kama mkono wa koti lolote la heshima.

Nikasema kama hivyo, mfuko wa chini upande wa kulia hauna kazi, nitauacha. Rafiki yangu akaacha kazi aliyokuwa anafanya.

"Usiuache," akasema. "Mi nitatembea upande ule. Mukono wangu nitaushikiza wapi?"

Hatukuwa tumefikiri. Mabibi harusi wote hutembea wameshika kiwiko cha mume, na upande ule hapakuwa na kiwiko. Upande wa kushoto alitaka mkono wa bwana ubaki huru. Nilimpima rafiki yangu mkono palepale, upana wa kiganja chake na urefu mpaka kwenye kifundo, nikaukata mfuko wa kulia kwa kipimo chake. Bwana harusi alitazama futi inavyozunguka kiganja cha mchumba wake. Baadaye akasema koti sasa ni la watu wawili.

Kisha nikaharibu. Ilikuwa siku ya mfuko wa kifuani. Nilichora, nikabandika kitambaa kigumu, nikashona mistari, nikapiga pasi, nikashusha pumzi, nikakata, pembe zote zikatoka safi kama nilivyofundishwa, na nilipoliinua koti kulitazama nikaona kwamba mfuko uko kushoto. Macho yangu yalikuwa yameona makoti mengi mno yenye mfuko upande ule, na mikono iliyafuata macho. Kitambaa kilikuwa cha suti moja. Hakuna kipande cha kuanza upya, na mfuko uliopasuliwa haurudi kuwa kitambaa.

Nilizima pasi. Nilikaa. Nilimwomba rafiki yangu aende sokoni amwite mchumba wake. Alipokuja nilimwonyesha bila maneno mengi. Alilichukua koti kwa mkono wake, akalitazama, akapitisha kidole gumba juu ya midomo ya mfuko, akarudia tena.

"Huu umekaa vizuri," akasema. "Basi ongeza wa kulia. Mi nitakuwa na mingi kupita bote."

Nikaongeza wa kulia. Ninakiri kwamba koti lenye mifuko miwili ya kifuani lilikuwa linapendeza kuliko nilivyokuwa nimeliwaza, na vijana wa kambini walipoliona waliuliza ni mtindo wa wapi.

Siku za mazoezi zilikuwa tamu. Koti lilipokamilika bwana harusi alikuja jioni za mapema, baada ya kufunga meza yake ya mayai, akalivaa, nami nikamtilia kwenye kijifuko pete ya pazia. Wanakwaya walipita kuangalia. Mara ya kwanza kidole kilikwama kwenye mdomo. Nikaupunguza ugumu. Mara ya pili pete ilitoka ikaruka, tukaitafuta chini ya mkeka na chini ya mashine, mtu mmoja akaipata ndani ya kiatu chake. Baada ya hapo ilianza kutoka kila mara. Alikuwa anazungumza huku anaitoa, anacheka huku anaitoa, anaitoa amefumba macho. Hata vifungo alivifunga mwenyewe, maana nilikuwa nimevipa shingo ndefu ya uzi ili kidole gumba kipate nafasi ya kusukuma. Alikuwa anavaa koti na kulifunga kwa muda ambao mume wangu huutumia kutafuta mkono wa shati.

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka nje. Mimi nilikuwa na kwaya, mbele, na ninakumbuka kwamba nilikuwa ninaimba bila kujisikia, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa mlangoni. Wakaingia. Rafiki yangu alikuwa upande wa kulia, na mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umetulia, kama watu wawili wanaotoka matembezini. Kwanza watu waligeuka kutazama. Walikuwa hawajaona bibi harusi anaingia kanisani hivyo. Halafu mama mmoja wa nyuma akapiga vigelegele, na kanisa zima likamfuata.

Shangazi alikuwa mstari wa mbele, amevaa kikwembe kipya, shingo ameinyoosha. Nilimwona anavikagua vifungo kimoja kimoja. Nilimwona anauona upande wa kulia umelala juu, na nikajua amejua, maana naye alikuwa ameshona ujanani. 

Mchungaji alipoitaka pete, msimamizi alisahau yote aliyoambiwa, akapiga hatua mbele na kuanza kujipapasa mifuko. Uso wake ulibadilika. Alidhani ameipoteza. Kabla mtu hajapata kumweleza, bwana harusi alikuwa amekwisha kushusha mkono wake wa kushoto ubavuni. Kidole kimoja kiliingia kwenye kijifuko. Koti halikusogea. Nilikuwa nimeacha kuimba. Sauti ya pili yote ilikuwa imeacha kuimba. Kidole kikatoka na pete imekaa kwenye ncha yake, imesimama, na akauinua mkono taratibu juu ya vichwa vya watu kama anayeonyesha kitu kwa walio nje. Sijui aliwaza hilo lini, katika mazoezi hakulifanya. Kisha akashusha mkono, rafiki yangu akanyoosha kidole chake, na kwa gumba na kidole cha pili akamvalisha mpaka mwisho.

Nililia. Wenzangu wananicheka mpaka leo kwamba kwenye picha zote za wakati ule, kila mtu anamtazama bibi harusi isipokuwa mimi, ninalitazama koti.

Zamu ya rafiki yangu ilipofika alitoa pete ya mumewe kwenye gauni lake. Nilikuwa nimemshonea mfuko ndani ya mshono wa ubavuni, hauonekani, na hakuna aliyejua ila sisi. Wanawake wa mistari ya mbele waliona mkono unaingia kwenye gauni jeupe na kupotea, wakaanza kunong'onezana. Walinong'onezana mpaka mahubiri yalipoisha.

Nilipopata tena nafasi ya kwenda mjini nilipita Chilinde, nikamweleza fundi yote, na kwa kuwa maneno hayakumtosha nilisimama pale barazani nikamwigizia: mlango, mfuko, kidole, pete juu. Alitaka nirudie sehemu ya kidole. Nikarudia. Aliniambia kwamba tangu niondoke amepata mteja mmoja anayetumia mkono wa kushoto, mwenye mikono yote miwili, na alipomwuliza kama angependa koti lililogeuzwa, mtu huyo alimtazama kana kwamba amemwuliza siri ya moyoni.

Siku hizi ninashona makoti. Nguo za kike nazo bado ninazishona, lakini sitoi gauni wala sketi mlangoni bila kuuliza mwenyewe anabeba nini na anakibebea wapi. Wengine wanashangaa swali. Wengine wanakaa chini na kueleza kirefu, funguo, dawa ya pumu, kitambaa cha jasho, simu mbili, na mimi ninachora huku wanasema.

Shangazi alikuja wiki chache baada ya harusi. Hakutaja harusi. Alikaa kwenye mkeka, akanipa habari za magoti yake na za bei ya maharage, akasifu mwanga wa mlangoni kwangu. Akakunjua sketi yake ya Jumapili, akasema mshono wa kiunoni umelegea, niutazame. Niliutazama. Haukuwa umelegea. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama labda angependa nimtilie na mfuko pembeni.

"Mbili," akasema shangazi. "Na iende chini sana."

Nikachukua futi, nikamwomba anipe mkono wake niupime.